Boksi Linasema GB 12, Simu Yenyewe Inasema Nini?

Kuna mdada mmoja wa hapa Dar, jina linahifadhiwa, anauza simu Instagram. Duka hana. Ana peji, ana ile taa ya duara ya kupigia picha, ana bodaboda wake anayemwamini na ana mdomo mtamu. Miaka mitatu kauza makava na chaja, mwaka huu akasema basi, vitu vya elfu tano vimetosha, sasa anaingia kwenye simu zenyewe. Akakopa kikoba milioni mbili, akaongezea laki tano na ishirini za kwake, akaenda Kariakoo akabeba simu 12 kwa bei ya jumla. Laki mbili na kumi kila moja.

Simu zilikuwa kali kwa macho. Kioo kimejaa mpaka pembeni, nyuma kamera nne (mbili baadaye zilikuja kugundulika ni urembo tu, vioo vimebandikwa). Boksi lina stika: RAM GB 12, uhifadhi GB 512, prosesa ya kore 8, Android 13. Ukiingia kwenye Mipangilio, pale pa "Kuhusu simu", unakuta yaleyale. Sifa hizo kwa laki mbili ni sawa na kuambiwa kuna nyumba Masaki inapangishwa elfu hamsini kwa mwezi, lakini mtu akishapiga hesabu ya faida kichwani masikio huwa yanaziba. Akaziposti kwa laki mbili na tisini. Ndani ya wiki mbili zikatoka saba.

Wiki ya tatu simu za lawama zikaanza.

Wa kwanza alikuwa kinyozi. Karekodi video za harusi ya dada yake, ya tatu ikakataa, simu inamwambia nafasi imejaa. Akaangalia Mipangilio, inasema GB 470 ziko wazi. Wa pili akalalamika WhatsApp inaganda kila akifungua kamera. Wa tatu hakulalamika, alitishia. Alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne, na kwa kifupi alisema Ijumaa isipofika hela yake imerudi, peji yote ya mdada anaianika. Wanaouza mtandaoni wanajua hiyo ina maana gani. Peji ndo duka, ndo kodi, ndo ada ya mtoto. Ikishaandikwa "tapeli" chini ya posti zako mara tano tu, hamna taa ya duara itakayokuokoa.

Mdada akaenda Mwenge kwa fundi wake wa siku zote. Kijana wa miaka 22, kaishia kidato cha nne, anabadilisha vioo mchana na usiku anajifundisha kuandika programu kwenye laptopu ya mtumba yenye vibonye viwili vilivyong'oka. Alijua dogo ataifungua simu. Dogo hakushika hata bisibisi.

"Dada, Mipangilio ni barua tu. Barua anaandika yeyote," akasema. "Ngoja tuulize keneli."

Hapa inabidi kwenda polepole, maana ndo penye utamu wenyewe.

Keneli ni kile kiini cha mfumo endeshi kinachoshika vyuma: kumbukumbu, prosesa, mahali pa kuhifadhia, betri. Android yote imekaa juu ya keneli ya Linux. Programu zingine, kuanzia WhatsApp mpaka hiyo Mipangilio, zinaishi juu yake na kila kitu zinaomba kwake. Sasa ile "Kuhusu simu" unayoisoma inaonyesha maandishi ambayo mengi yametoka kwenye mafaili madogo aliyoyaandaa mtu aliyeuweka mfumo kwenye simu. Faili linaloitwa build.prop lina mstari unaosema toleo la Android ni lipi. Mtu akiandika 13 hapo, Mipangilio itakusomea 13. Ukurasa wenyewe pia unaweza kuchezewa useme RAM ni 12, au 24, au chochote kinachouza.

Lakini ukiandika programu kwa lugha ya C, unaweza kuuliza chini zaidi. Lugha yenyewe ni ya zamani, ilitengenezwa Bell Labs kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na huwa inakuja na maktaba: mkusanyiko wa fanksheni zilizokwisha kuandikwa ambazo wewe unaziita tu kwa jina. Kwenye Android maktaba hiyo inaitwa bionic. Ndani yake kuna fanksheni inaitwa uname. Unaipa fomu tupu yenye visanduku: jina la mfumo, jina la kifaa, toleo la keneli, maelezo ya lini na vipi keneli iliundwa, na aina ya mashine. Fanksheni inaichukua fomu, inaipeleka kwa keneli, keneli anaijaza, inarudi. Hamna Mipangilio hapo katikati.

Dogo akagonga namba ya toleo mara saba ili simu imkubali kama mtengenezaji wa programu, akachomeka waya, akatupia programu yake ndani. Alikuwa ameiunda kwa ajili ya mashine ya biti 64, maana simu yenye GB 12 ingekuwaje biti 32? Simu ikagoma. Ikatoa ujumbe mfupi tu kwamba faili hilo haliwezi kuendeshwa, ni la biti 64.

Dogo akacheka peke yake. Mdada akauliza nini. "Haijaulizwa chochote na imeshaanza kujibu."

Akaiunda upya kwa biti 32, akaiendesha. Fomu ya uname ikarudi hivi:

Linux
localhost
3.18.79
#1 SMP PREEMPT Wed Mar 11 10:22:41 CST 2020
armv7l

Mdada aliona herufi za ajabu. Dogo aliona kesi. Hiyo armv7l ya mwisho ni mashine ya biti 32. Simu ya kisasa ya biti 64 hapo huandika aarch64. Familia ya keneli 3.18 ilitoka Desemba 2014. Na tarehe iliyomo kwenye mstari wa nne ndo siku keneli hiyo ilipoundwa, Machi 2020. Android 13 ilitoka Agosti 2022. Kwa hiyo moyo wa simu uliundwa zaidi ya miaka miwili kabla Android inayotajwa kwenye boksi haijazaliwa.

Ila dogo ana kitu kimoja kizuri, hana papara. Alimwambia mdada kwamba keneli ya zamani peke yake siyo ushahidi wa utapeli, simu nyingi halali hupandishwa Android huku zikibaki na familia ileile ya keneli. Akaendelea kuuliza.

Akaita sysconf, fanksheni inayojibu maswali ya namba moja moja. Kore zilizopo? Nne. Zilizo macho muda huo? Mbili. Hili la mbili lisimtishe mtu, simu huzima kore zisizo na kazi ili kutunza chaji. Ila zilizopo ni nne, na boksi lilisema nane.

Akaita sysinfo kuhusu kumbukumbu. MB 968. Yaani RAM haifiki hata GB 1. Mdada akaomba arudie kusoma. Akarudia.

Kwenye toleo la Android palikuwa na kichekesho. Bionic ina fanksheni yake ya kusoma zile sifa zilizoandikwa kwenye mfumo. Dogo akauliza toleo, ikajibu 13, maana huo mstari ulishachezewa. Akauliza namba ya SDK, ile ambayo programu zenyewe huitumia kujua zinaendeshwa kwenye Android gani. Ikajibu 27. Android 13 ni 33. Ishirini na saba ni Android 8.1 ya Desemba 2017. Waliochezea mfumo waliiacha namba hiyo kwa sababu nzuri tu: ukiidanganya, programu zitaanza kuita vitu ambavyo havipo na simu itaanguka kila dakika. Uongo una mahali unapolazimika kusema kweli ili uweze kuendelea kufanya kazi.

Ikabaki nafasi ya kuhifadhia. Fanksheni inaitwa statvfs. Inakuambia diski ina vipande vingapi na kila kipande kina ukubwa gani, wewe unazidisha. Programu ikazidisha, ikatoa GB 1 na kidogo. Mdada akaruka, "GB moja! Wameniua!" Mtu mwenye hasira angeishia hapo na kukimbilia Kariakoo na karatasi. Dogo akakunja uso. Android yenyewe tu haiwezi kukaa vizuri na GB 1 ya nafasi, na kinyozi alisharekodi video mbili. Akaangalia hesabu yake vizuri: kwenye mashine ya biti 32 alikuwa anazidisha namba mbili ndani ya kisanduku kisichoweza kubeba zaidi ya GB 4. Ikijaa inarudi sifuri na kuanza upya, kama mita ya kilomita kwenye gari bovu. Jibu sahihi lilikuwa GB 5 na kidogo. Nne zikapotea hewani, ikabaki moja. Akabadilisha kisanduku kiwe cha biti 64, akaendesha tena, ikatoka GB 5 na kidogo. Hiyo ndo sehemu anayopewa mwenye simu baada ya mfumo kuchukua chake.

GB 5 badala ya 512 bado ni wizi, ndo. Ila ukienda kumshutumu mtu kwa namba ya uongo, siku akiigundua hiyo moja, zote ulizonazo mkononi zinageuka uongo.

Swali ambalo mjanja angeuliza: na keneli yenyewe je, haiwezi kudanganywa? Inaweza. Linux iko wazi, yeyote mwenye ujuzi anaweza kuibadilisha kabla ya kuiweka, ikajibu chochote. Kwa hiyo dogo akamalizia na kipimo kisichotegemea maneno. Kwenye C ukitaka kumbukumbu unaiomba kwa malloc. Akaomba GB 1 na nusu kwenye simu yenye MB 968. Malloc ikasema sawa, chukua. Kwenye Android hiyo "sawa" ni ahadi tu, kama mwanaume anayekuambia atakujengea. Kiwanja chenyewe hukioni mpaka siku ya kuweka tofali. Kumbukumbu halisi hutolewa pale unapoanza kuandika ndani yake. Dogo akaanza kuandika, kipande baada ya kipande. Ilipopita MB mia sita simu ikaanza kufunga programu zingine moja moja, kioo kikawa kizito, kisha ikaganda kabisa mpaka ikabidi ishikiliwe kitufe cha kuzimia.

Mdada alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza swali ambalo halikuwa la simu: "Mdogo wangu, na wale wanne ambao hawajanilalamikia?"

Saba walinunua, watatu wamelalamika. Wanne wako kimya, wengine wamemwekea na mioyo kwenye posti. Shoga yake, ambaye naye anauza mtandaoni, alimwambia waziwazi aachane nao, anayelala usimwamshe. Ushauri huo unatolewa sana mjini na watu wengi wameufuata wakala hela zao kwa amani. Tuseme tu kwamba mdada usiku huo hakulala.

Kesho yake wakaenda Kariakoo wote wawili, na laptopu. Mwenye mzigo, mwanaume wa makamo mwenye kauli nzuri, akawakaribisha soda. Alipoonyeshwa namba akatabasamu. "Dada'angu, kwani simu inasema ngapi? Fungua Mipangilio. Inasema 12. Sasa hako kaprogramu ka huyu kijana ndo unakaamini kuliko simu? Hako ndo feki."

Vijana wa dukani wakacheka. Ilikuwa hoja nzuri, kusema kweli. Mteja wa kawaida angenywea hapo.

Dogo akasema kwa adabu, "Sawa bosi. Basi tuipime na ya kwako."

Bosi akasita, lakini alishacheka mbele za watu. Akatoa simu yake ya mfukoni, orijino, kailipia hela nyingi na anajua. Waya ukachomekwa. Ile programu ya biti 64 iliyogomewa kule Mwenge hapa ikaendeshwa bila neno. Mashine: aarch64. Kore: nane. RAM: GB 7.4.

"Umeona!" Bosi akapaza sauti. "Yangu ni GB 8, kenyewe kanasema saba na nusu! Si nimesema feki?"

Dogo akamweleza taratibu. Sehemu ya kumbukumbu huwa inatengwa mapema kwa ajili ya keneli na vyuma vingine, na sysinfo inataja inayobaki. Simu ya kweli ya GB 8 lazima isome pungufu kidogo. Ingesoma nane kamili ndo ungeanza kuitilia shaka. Halafu akaigeuza laptopu ili wote waone, simu mbili pembeni kwa pembeni, programu moja, maswali yaleyale. Moja imepungua kidogo kutoka nane. Nyingine imetoka 12 ikafika chini ya moja.

Hakuna aliyecheka tena. Mteja mmoja aliyekuwa amesimama pembeni na hela mkononi akazirudisha mfukoni polepole na kuondoka. Nadhani yupi kati ya hao wote alimuumiza zaidi bosi.

Kuna watakaouliza mbona mdada hakupiga *#06# tangu mwanzo. Alipiga. Tangu TCRA ilipozima simu feki Juni 2016 watu wamezoea kuchukua ile namba ya IMEI, kuituma kwenda 15090 na kusoma jibu. Ni kitu kizuri na kila mtu akifanye. Ila IMEI ni namba ya utambulisho, inakuambia namba hiyo ni ya simu gani. RAM haiioni, uhifadhi hauoni, na namba ya simu halali ikinakiliwa kwenye feki, jibu linarudi zuri tu.

Bosi akakubali kuzipokea zile tano ambazo hazijauzwa, akarudisha milioni moja na elfu hamsini. Kwa zile saba akasema zimeshatumika, hazihusu. Mabishano yalikuwa marefu na hayana raha kuyasimulia. Akaongeza laki tatu "za kufutana machozi", na hapo ndo ilipoishia.

Mdada akapiga hesabu. Kuwarudishia wote saba ni milioni mbili na elfu thelathini. Akaanza na yule wa ujumbe wa dakika nne, kabla ya Ijumaa. Kisha kinyozi, kisha wa WhatsApp. Halafu akavuta pumzi akawapigia wale wanne.

Wa kwanza, mama mmoja aliyemnunulia mwanae anayesoma chuo Dodoma, alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, hao wengine wangekupigia?" Akakubali kulipwa kwa awamu tatu. Wa pili alikata simu kabla hajamaliza kuelezwa, akidhani ni matapeli wa "tuma kwa namba hii". Akatumiwa hela kwenye simu, ndo akapiga mwenyewe kuuliza vipi. Wa tatu aligoma kabisa kuirudisha: anaipenda hivyohivyo, inapendeza mkononi, na shemeji zake wote wameshaisifia. Akapunguziwa laki moja na nusu, akabaki na uzuri wake.

Wa nne ndo balaa. Jamaa mzima, sauti nzito, ana mke wake. Simu hiyo hakujinunulia, alimpa binti mmoja wa Kijitonyama siku ya kuzaliwa, na alimwambia ni ya milioni moja na laki mbili. Akamsikiliza mdada mpaka mwisho. Halafu akashusha sauti: "Dada, hela yangu usirudishe. Kaa nayo. Ila huyo mtoto asijue hizo habari za keneli."

Hela yake ilirudishwa hata hivyo. Kuhusu mtoto, mdada hajasema chochote, ingawa binti ni mfuasi wa peji na huwa anauliza kwenye posti kwa nini simu yake inajizimazima.

Kikoba bado kuna deni la laki nane na ushee. Mdada amerudi kidogo kwenye makava, lakini simu hajaacha. Anachukua mbili, tatu, kwa mtu mwingine, na kabla hela haijatoka mkononi dogo wa Mwenge anachomeka waya, elfu tatu kila simu. Akiposti siku hizi anaweka picha ya boksi, picha ya simu, na skrinishoti ya ile mistari ya programu. Mwanzoni wateja waliona kama mapambo, hakuna aliyeelewa. Juzi kuna mmoja kaandika chini ya posti: "Dada hii bei sawa, lakini ina aachi sitini na nne?"